Uanachama wa kambi za RV Marekani: jinsi ya kujua kama una faida kabla hujatia saini

Kosa ni lile lile kila mwaka. Familia inanunua trela, inakwenda kambini mara mbili, inafurahi. Halafu Jumamosi moja inaketishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, kahawa na keki za bure, na inatoka humo na mkataba wa dola elfu nane. Miaka miwili baadaye trela iko uani chini ya turubai, na ada ya mwaka inaendelea kukatwa benki.

Hesabu waliyopigiwa pale mezani si lazima iwe ya uongo. Mara nyingi ni hesabu sahihi ya mtu mwingine: mstaafu anayelala kambini siku mia kwa mwaka, asiye na zamu wala mtoto wa shule. Mwongozo huu ni wa kupiga hesabu yako wewe, uliyeko Dallas, Houston, Columbus au Minneapolis, mwenye kazi, watoto, na nauli ya kwenda nyumbani ya kutafuta kila baada ya miaka michache.

Tunaposema RV tunamaanisha gari au trela ya kulala, yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Hesabu yote ni kazi ya jioni moja, ukiwa na vitu vifuatavyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Taarifa ya benki ya miezi 12 iliyopita, inayoonyesha kila kambi uliyolipia.
- Ratiba ya kazi ya watu wazima wote wa nyumba, pamoja na kalenda ya shule.
- Urefu kamili wa RV kwa futi, kuanzia chuma cha kuunganishia mbele hadi bampa ya nyuma. Andika pia kama inatumia umeme wa ampea 30 au 50.
- Bei za leo za kambi tatu zilizo ndani ya maili 150 kutoka kwako, ambazo ungeweza kulala bila uanachama wowote.
- Nakala tupu ya mkataba unaouziwa. Wakikuambia mkataba huonyeshwa siku ya kusaini tu, funga daftari, jibu umeshalipata.
- Kikokotoo cha simu.

## Hatua ya 1: Jua unauziwa kitu gani

Neno "uanachama" limebeba bidhaa nne zisizofanana, na wengi huzilinganisha kama viazi na viazi.

Kadi ya punguzo. Unalipa ada ndogo kwa mwaka na kupunguziwa bei kwenye kambi zinazoikubali. Passport America, iliyoanza 1992, hutoa punguzo la nusu bei. Good Sam, iliyoanza 1966, na KOA, iliyoanzia Billings, Montana, mwaka 1962, hutoa asilimia 10. Ukiacha kulipa, umetoka. Hakuna anayekudai.

Kadi ya kulala kwa wenyeji. Harvest Hosts ndiyo inayojulikana zaidi. Unalala usiku mmoja kwenye shamba au kiwanda cha mvinyo bila kulipia eneo (nafasi ya kuegesha RV), lakini unatarajiwa kununua kitu kwa mwenyeji. Kwa kawaida hakuna umeme, bomba la maji wala la majitaka, kwa hiyo RV lazima ijitegemee kwa choo na maji.

Pasi ya mwaka ya mtandao wa kambi. Mfano ni pasi ya Thousand Trails inayouzwa kwa kanda. Unalipa mamia ya dola kwa mwaka na kulala kwenye kambi za kanda hiyo bila malipo ya kila usiku, au kwa malipo madogo.

Mkataba mkubwa. Unalipa maelfu ya dola kuingia, mara nyingi kwa mkopo, halafu ada kila mwaka. Una kambi moja ya "nyumbani", na kwa nyongeza ya fedha unapata mtandao wa kubadilishana, kama Coast to Coast, unaokufungulia kambi za wengine.

Mkataba mkubwa ndio unaoumiza watu. Mara nyingi haukupi umiliki wa ardhi hata futi moja, unakupa haki ya kutumia tu. Usiuhesabu kama mali unapopanga mambo ya familia.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika kwa sentensi moja: "Ninauziwa aina fulani, kwa dola kadhaa leo na dola kadhaa kila mwaka, na ninaweza kutoka kwa njia hii." Sehemu ya mwisho ikikushinda, usiendelee kabla hujaipata kwa maandishi.

## Hatua ya 2: Hesabu usiku uliolala, si unaoutamani

Fungua taarifa ya benki. Hesabu usiku wote mliolala kambini mwaka uliopita na uandike namba hiyo kwa kalamu. Hii ndiyo namba muhimu kuliko zote.

Muuzaji atakuuliza, "Mkiwa na kambi ya bure, mtakwenda mara ngapi?" Swali hilo ni mtego, kwa sababu kinachowazuia kwenda si bei. Kinachowazuia ni zamu ya Jumamosi hospitalini, mechi za watoto, ibada, harusi na michango yake. Uanachama hauongezi siku za likizo hata moja.

Kisha punguza:

- Mwaka mnaokwenda Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu kwa wiki nne, likizo ya mwaka imekwisha huko. Usiku wa kambini huenda ukawa sifuri, na ada ya mwaka itakatwa hivyo hivyo.
- Sikukuu kubwa, yaani Memorial Day, tarehe 4 Julai na Labor Day, ndipo kila mtu anataka nafasi. Ondoa usiku huo hadi utakapothibitisha katika hatua ya 5 kwamba mnaweza kuupata.
- Safari za familia tatu nne pamoja huwa haziendani na masharti ya uanachama. Mikataba mingi inaweka kikomo cha watu na magari kwa kila eneo, na mgeni hulipiwa. Mnaopenda kukusanyika watu ishirini kwa nyama choma, ulizeni kwanza bei ya eneo la kundi katika hifadhi ya jimbo.

Kama hamjawahi kumiliki RV na mnaikodi, acheni hapa. Mara nyingi kukodi hugharimu zaidi ya dola 100 kwa usiku kabla ya bima, na kuokoa dola 40 za eneo hakubadilishi kitu. Wanaolala kwenye vibanda vya mbao nao waangalie: uanachama wa eneo la RV kwa kawaida haulipii kibanda, unakipunguzia bei tu.

Usiku ukiwa kati ya 8 na 15 kwa mwaka, uko pamoja na familia nyingi za kazi. Shika namba hiyo.

## Hatua ya 3: Tafuta bei ya kweli ya usiku mmoja

Kipeperushi kitakuambia eneo lina thamani ya dola 90 kwa usiku. Hiyo huenda ni bei ya Jumamosi ya Julai. Wewe unataka bei ambayo ungelipa kama uanachama usingekuwepo.

Chukua kambi zako tatu na uangalie bei ya siku zile zile unazosafiri, kwa huduma zile zile. Huduma kamili ni umeme, maji na bomba la majitaka kwenye eneo lako. Zikiwa umeme na maji tu, bei hushuka, na unamwaga tangi mara moja siku ya kuondoka. Kwa wikendi ya usiku mbili, familia ya watu wanne wanaooga kwa uangalifu inamudu bila bomba la majitaka.

Usisahau kambi za umma. Hifadhi za jimbo huwa chini ya bei ya kambi binafsi, na kambi za jeshi la wahandisi la Marekani (Army Corps of Engineers), lile linalosimamia mabwawa, ni hazina ambayo wengi hawaijui. Pale Texas ziko kwenye maziwa kama Whitney, Lavon na Texoma, nyingi zina umeme na maji, na nafasi huwekwa kupitia Recreation.gov.

Mzazi mwenye miaka 62 au zaidi, raia au mwenye ukaazi wa kudumu, anaweza kununua pasi ya wazee ya maisha kwa dola 80 mara moja tu. Pasi hiyo hupunguza nusu ya ada ya eneo kwenye kambi nyingi za serikali kuu. Kama mama mkwe amehamia kwenu na ana kadi ya kijani, hesabu yote iliyobaki inaweza kuishia hapa. Ila lazima mwenyewe awepo safarini, pasi haiazimishwi.

Chukua wastani wa bei tatu. Kwa mfano wetu tutatumia dola 45.

Sasa ongeza mafuta. Gari linalovuta trela hutumia takriban galoni moja kwa maili 10. Kama kambi ya wanachama iko maili 80 mbali zaidi ya kambi mnayoipenda, kwenda na kurudi ni maili 160 za ziada, sawa na galoni 16. Galoni ikiwa dola 3.20, hizo ni dola 51. Kwenye wikendi ya usiku mbili, zaidi ya nusu ya ulichookoa kimeishia kituo cha mafuta.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya usiku wa kurudisha pesa

Kanuni ni moja. Chukua bei ya kweli ya usiku, toa chochote utakachotozwa kila usiku ndani ya uanachama. Hicho ndicho unachookoa. Kisha gawanya gharama yote ya mwaka kwa akiba hiyo. Jibu ni idadi ya usiku unaohitaji ili usipate hasara.

Namba zifuatazo ni za mfano, weka zako.

Kadi ya nusu bei. Ada dola 45, akiba dola 22.50 kwa usiku. Usiku 2 tu pesa imerudi. Lakini soma masharti ya kila kambi kabla ya kuondoka: nyingi huitoa nusu bei katikati ya wiki tu, nje ya sikukuu, kwa usiku mmoja au mbili. Kwa anayesafiri Ijumaa hadi Jumapili pekee, kadi hii inaweza isifanye kazi hata mara moja.

Kadi ya asilimia 10. Ada dola 40, akiba dola 4.50. Usiku 9.

Kulala kwa wenyeji. Ada dola 100, na ukinunua vitu vya dola 30 kwa mwenyeji, akiba ni dola 15. Usiku 7. Tukiwa wakali zaidi, mahali pasipo umeme panapaswa kulinganishwa na kambi isiyo na umeme, ambayo labda ni dola 25. Hapo umetumia dola 5 zaidi kwa kila usiku. Nunua kadi hii kwa kupenda mashamba. Kama akiba, haisimami.

Pasi ya mwaka ya kanda. Tuseme dola 700, na kila usiku tozo ya dola 5 kwa umeme wa ampea 50 au nyingineyo. Akiba ni dola 40. Usiku 18.

Mkataba mkubwa. Hapa nenda polepole. Bei dola 8,000. Unatoa 1,000 taslimu na kukopeshwa 7,000 kwa riba ya asilimia 16, miaka 7. Malipo ni kama dola 139 kwa mwezi, na mkopo unamalizika ukiwa umelipa karibu dola 11,680. Ada ya mwaka inaanza dola 650 na kupanda asilimia 4 kila mwaka; kwa miaka 10 inafika kama dola 7,800. Jumla, pamoja na ile 1,000, ni karibu dola 20,480, au dola 2,048 kwa mwaka. Gawanya kwa 40.

Unapata usiku 52 kila mwaka, kwa miaka 10 mfululizo. Ni usiku mmoja kambini kila wiki ya mwaka, pamoja na Januari ya Minnesota. Familia ya usiku 12 inaokoa dola 480 kwa mwaka na kulipa 2,048.

Kuna kosa moja la kuepuka hapa: usigawe bei ya kununulia kwa miaka 30 kwa kuwa "uanachama ni wa maisha". Trela haiishi miaka 30, na watoto wakifika miaka 15 hawataki tena kulala chumba kimoja na wazazi. Miaka 10 ni ukarimu tosha.

### Kwa manesi wa mikataba ya wiki 13

Hili huulizwa sana na manesi wanaohama na RV kutoka hospitali moja hadi nyingine. Wiki 13 ni usiku 91, kwa hiyo pasi ya dola 700 inaonekana kama zawadi. Tatizo ni sheria ya pasi: unakaa hadi siku 14, kisha unatoka nje ya mtandao kwa siku 7 kabla ya kurudi. Ndani ya siku 91 utalala usiku 63 tu kwa pasi. Usiku 28 uliobaki unaulipia kwingine.

Hesabu: 700, jumlisha 63 mara 5, jumlisha 28 mara 45. Ni dola 2,275. Kambi binafsi inayokodisha kwa mwezi, tuseme dola 650 na umeme wa 100, itakula dola 2,250 kwa miezi mitatu, na hutang'oa nyaya na mabomba kila wiki mbili baada ya zamu ya usiku. Omba bei ya mwezi kwanza. Kambi nyingi haziiweki kwenye tovuti; unapiga simu.

## Hatua ya 5: Jaribu kupata nafasi

Uanachama usiopata nafasi ni kadi ya plastiki. Hii ndiyo sehemu watu wanayoiruka, na ndiko lawama nyingi zinakotoka.

Madaraja ya uanachama hutofautiana kwa siku unazoruhusiwa kuweka nafasi mapema. Pasi ya chini ya Thousand Trails imekuwa na dirisha la siku 60, na madaraja ya juu yana dirisha refu zaidi. Maana yake ni kwamba siku dirisha lako linafunguka, wenye daraja la juu wameshapita. Wikendi za kiangazi ulizozitaka zimekwenda.

1. Chagua wikendi tatu mnazoweza kweli kusafiri, moja iwe ya kiangazi.
2. Hesabu siku za dirisha kurudi nyuma kutoka kila tarehe.
3. Siku hiyo asubuhi, piga simu ofisi ya kambi. Taja urefu wa RV na ampea. Usiulize "mna nafasi?" Uliza, "Mwanachama wa daraja hili angepata nafasi ya RV ya futi 32, ampea 50, tarehe hizi?"
4. Andika jibu na jina la kambi.

Daraja la juu likiuzwa kwako kama dawa, kumbuka kwamba dirisha refu linasaidia wenye ratiba ya mwaka mzima. Anayepewa zamu wiki nne kabla hana cha kufanya na dirisha la siku 180.

Ukipata wikendi mbili kati ya tatu, endelea. Ukipata moja kati ya tatu, rudi kwenye namba yako ya usiku na uigawe kwa 3. Usiku 12 ni 4 sasa.

## Hatua ya 6: Lala pale kwa pesa yako, ukiwa mgeni

Lipa usiku mbili bei ya kawaida, mmoja ukiwa Jumamosi. Kukwepa gharama hii ni sawa na kununua mbuzi kwenye gunia.

Pima umeme kwenye kisanduku cha eneo lako jioni, viyoyozi vyote vya kambi vikiwa vinaunguruma. Volti 120 ndiyo ya kawaida. Ikishuka chini ya 105, kiyoyozi chako kinapata joto na mota inaweza kuungua. Ungejuaje kama usingelala hapo? Muuzaji hukutembeza saa nne asubuhi, volti zikiwa nzuri.

Pima na msukumo wa maji. Kati ya psi 40 na 60 ni salama. Zaidi ya hapo, funga kidhibiti cha msukumo kabla ya mpira wako, la sivyo maungio ya ndani ya trela yatavuja.

Kisha tembea kambi nzima kwa miguu. Hesabu maeneo yenye trela zilizojengewa baraza ya mbao, vyungu vya maua na sanduku la barua. Hao ni wapangaji wa mwaka. Maeneo hayo hayapo kwa wanachama, ingawa idadi iliyotajwa kwenye kipeperushi huenda imeyajumlisha.

Jioni, salimiana na wanachama waliokaa nje. Wamarekani wa kambini wanapenda mazungumzo. Uliza maswali mawili: ada ilikuwa kiasi gani walipojiunga na sasa ni kiasi gani; na mara ya mwisho walikosa nafasi lini. Wanachama wawili tu watakwambia mengi kuliko saa nzima ya video.

## Hatua ya 7: Soma mkataba ukitafuta vipengele hivi

Usianze ukurasa wa kwanza. Tafuta hivi, kwa mpangilio huu:

Kupanda kwa ada. Je, kuna kikomo kwa mwaka? Kama kinafuata mfumuko wa bei, ni kipimo kipi? Kama imeandikwa "kwa uamuzi wa kampuni", umesaini hundi isiyojazwa.

Kutoka. Kuna njia ya kurudisha uanachama bila kuuuza? Baadhi huruhusu, wengine hudai uendelee kulipa hadi mtu mwingine auchukue. Ukiacha tu kulipa, deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na kushusha alama zako za mkopo, zile zile unazozihitaji kwa nyumba.

Warithi. Soma kama wajibu wa ada unahamia kwa watoto.

Kuuza kwa mwingine. Ada ya uhamisho ni kiasi gani, na faida zipi hufutika uanachama ukihamishwa? Mara nyingi zile faida ulizolipia pesa nyingi ndizo zisizohama.

Mtandao wa kubadilishana. Baadhi hukukataza kuutumia karibu na kambi yako ya nyumbani. Coast to Coast imekuwa na kikomo cha maili 125. Kwa asiyeweza kusafiri zaidi ya hapo kwa wikendi, mtandao huo umefungwa wiki 50 za mwaka. Mtandao wenyewe pia unadai ada yake ya mwaka.

Kambi kuuzwa. Kampuni ikiuza kambi uipendayo, mkataba unasemaje? Jibu la kawaida ni kwamba utaendelea kulipa kwa zile zilizobaki.

Kifungu cha makubaliano yote. Karibu kila mkataba una sentensi inayosema kilichoandikwa ndicho pekee kilichokubaliwa. Ahadi yoyote ya mdomo, hata ikitolewa kwa kiapo, imekufa hapo. Kama aliahidi "ada haitapanda", mwambie aiandike kwenye mkataba na kutia saini pembeni. Uso wake utakujibu.

Kiingereza cha kisheria kikikuzidi, usimtegemee mtoto wa miaka 14 kutafsiri. Mwanasheria wa haki za mlaji kwa saa moja ni nafuu kuliko miaka saba ya mkopo.

## Hatua ya 8: Chumba cha mauzo

Kama mmealikwa kwa zawadi, kadi ya mafuta au usiku wa bure, nendeni mkijua zawadi inalipwa kwa muda wenu, kwa kawaida saa moja na nusu hadi tatu. Watasisitiza mke na mume waje pamoja, ili pasiwepo wa kusema "ngoja nimuulize mwenzangu".

Acheni kadi za benki nyumbani. Si utani, ndiyo kinga pekee inayofanya kazi kwa kila mtu.

Mpangilio wa mazungumzo haubadiliki sana. Bei ya kwanza ni ya kutisha. Ukikataa, anakuja meneja na bei iliyoshuka kwa maelfu, "ya leo tu". Ukikataa tena, inaletwa pasi ndogo ya majaribio. Bei inayoshuka dola 4,000 ndani ya dakika kumi haikuwa bei. Jibu moja linatosha, kwa upole, bila sababu, kwa sababu kila sababu ina jibu lililokaririwa: "Hatusaini leo. Tupe nakala tukaisome."

## Hatua ya 9: Kama hesabu inakubali, tafuta mtumba

Huenda ninyi ni wastaafu, au mnafanya kazi kwa kompyuta na watoto wanasoma nyumbani, na namba yenu ni usiku 60. Basi msinunue mpya. Soko la mitumba la uanachama limejaa watu wanaotaka kutoka.

Tuseme kununua pamoja na ada ya uhamisho ni dola 2,500 taslimu, ada ya mwaka ikiwa ile ile. Kwa miaka 10 ni karibu dola 10,300, au 1,030 kwa mwaka. Gawanya kwa 40: usiku 26. Ni nusu ya usiku wa mkataba mpya.

Kabla ya kutuma pesa, pigia kampuni yenyewe simu ukiwa na muuzaji kwenye laini. Thibitisha ada zote zimelipwa, daraja ni lipi baada ya kuhama, na dirisha la kuweka nafasi litakuwa siku ngapi. Pesa ikae kwa wakala wa kushikilia malipo hadi jina lako lionekane kwenye mfumo.

Na kwa wote wengine, fanya mwaka mmoja wa kadi ya nusu bei au pasi ya kanda moja kabla ya lolote kubwa. Weka tiketi za kila usiku kwenye bahasha. Bahasha hiyo itakuwa namba yako ya hatua ya 2 mwakani.

## Hatua ya 10: Kama umeshasaini

Angalia tarehe kwanza. Sheria ya serikali kuu ya kughairi ndani ya siku 3 za kazi inahusu mauzo yanayofanyika nje ya mahali pa kawaida pa biashara ya muuzaji. Kama ulisaini ofisini kwao, huenda haikulindi. Lakini baadhi ya majimbo, yakiwemo California, Washington na Texas, yana sheria mahususi za uanachama wa kambi. Muda wa kughairi hutofautiana kwa jimbo, na huandikwa kwenye mkataba, mara nyingi karibu na mahali pa saini.

Muda ukiwa haujapita, fanya hivi siku hiyo hiyo:

1. Andika barua fupi: jina, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, na sentensi "Ninaghairi mkataba huu na kuomba kurudishiwa fedha zote". Usieleze sababu.
2. Tia saini wote mliosaini mkataba.
3. Itume kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa, kwa anwani ya kughairi iliyoandikwa kwenye mkataba, si ya ofisi uliyosainia. Piga picha kila kitu.
4. Usipige simu badala ya barua. Simu itakuelekeza kwa mtu ambaye kazi yake ni kukubakiza hadi muda upite.
5. Usitumie zawadi, usiku wa bure wala kadi ya uanachama. Baadhi ya mikataba inahesabu hilo kama kukubali.

Muda ukiwa umepita, andikia kampuni kuomba njia ya kurudisha uanachama kwa hiari, na uliza kiasi wanachotaka. Kampuni zinazokupigia simu kuahidi kukutoa kwenye mkataba kwa malipo ya awali ya maelfu ya dola, zikate. Nyingi huchukua pesa na kunyamaza, na ada yako ya mwaka inabaki pale pale. Ukiwa na malalamiko ya ahadi za uongo, yapeleke ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Kuwasilisha ni bure, na unaambatanisha mkataba na picha za barua ulizotuma.